Garnham: Daktari aliyewinda nzi wa upofu katika bonde la Kodera

JINA la Kodera, karibu na mji wa Oyugis katika Kaunti ya Homa Bay, leo huwakumbusha wengi msitu wake. Katika miaka ya 1940 lilitajwa katika ofisi za tiba kwa sababu nyingine kabisa: upofu. Kando ya mito yake yenye kivuli, watu wazima waliokuwa bado na nguvu za kulima walipoteza macho, na jamii iliwahesabu miongoni mwa wazee kabla ya umri wao. Ni hapo, mwaka 1946, lilipofaulu jambo ambalo halikuwa limewahi kufaulu barani Afrika, nalo ni kumwangamiza mdudu anayeeneza ugonjwa huo.

Aliyeongoza kazi hiyo, akishirikiana na mtaalamu wa wadudu J. P. McMahon, alikuwa daktari Mwingereza aitwaye Percy Cyril Claude Garnham. Vitabu vya sayansi humkumbuka zaidi kwa utafiti wake wa malaria, na ni haki yake. Lakini kwa watu wa ukanda wa Ziwa Victoria, kazi ya Kodera pengine ndiyo iliyogusa maisha yao moja kwa moja kuliko zote alizofanya.

Garnham alizaliwa London tarehe 15 Januari 1901. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, akafuzu mwaka 1923, na mwaka uliofuata akamwoa Esther. Mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 24, aliingia katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni nchini Kenya. Angeweza kukaa miaka michache na kurejea kwao kufungua zahanati, kama wengi wa rika lake. Yeye alikaa zaidi ya miaka 20.

Sehemu kubwa ya miaka hiyo iliambatana na Nyanza na maeneo jirani. Kisumu wakati huo ulikuwa mji mchanga, uliokua baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901, na malaria ilikuwa sehemu ya maisha ya wakazi wake wote. Mwaka 1929 Garnham alichapisha utafiti wake kuhusu malaria mjini Kisumu. Baadaye aliandika juu ya malaria inayodumu mwaka mzima katika maeneo ya Waafrika, juu ya vimelea wanaojificha katika kondo la nyuma la mama mjamzito, juu ya mbu wa msitu wa Kaimosi na hofu ya homa ya manjano, na juu ya milipuko ya malaria katika nyanda za juu ambako wengi waliamini haiwezi kufika. Ukisoma orodha ya kazi hizo unaona daktari asiyetosheka kumtibu mgonjwa aliye kitandani. Alitaka kujua kimelea kilikuwa wapi kabla ya mtu kuugua, na kinakwenda wapi homa inapotulia.

Swali hilo hilo ndilo lililompeleka mtoni.

Ugonjwa uliokuwa ukiwapofusha watu wa Kodera huitwa upofu wa mtoni; Tanzania huuita usubi, kwa jina la mdudu anayeueneza. Chanzo chake ni mnyoo mwembamba ajulikanaye kwa wataalamu kama Onchocerca volvulus. Mnyoo jike hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, mara nyingi penye mifupa iliyo karibu na ngozi kama vile nyonga na mbavu, na huweza kuishi humo zaidi ya miaka kumi. Muda wote huo huzaa minyoo wachanga maelfu kwa maelfu, wasioonekana kwa macho, ambao hutembea katika ngozi. Nzi mdogo mweusi, mwenye mgongo uliobinuka kama kibyongo, huwanyonya pamoja na damu anapomuuma mtu mchana, kisha siku kadhaa baadaye huwapeleka kwa mtu mwingine. Kuumwa mara moja mbili hakumpofushi mtu. Anayepofuka ni yule anayeumwa siku baada ya siku kwa miaka mingi: mvuvi, mkulima wa kando ya mto, mwanamke anayechota maji na msichana anayemsaidia.

Dalili za mwanzo huwa za ngozi. Mgonjwa huwashwa hata asilale usiku, hujikuna hadi vidonda, na ngozi yake hukunjamana au kupoteza rangi kwenye miundi hadi ikafanana na ya chui. Wengi huzizoea dalili hizo, na huo ndio mtego wenyewe. Minyoo wachanga wanapolifikia jicho, huingia hadi ndani. Wakiwa hai hawaleti madhara makubwa; wanapokufa, mwili huwashambulia na uvimbe unaotokea huliharibu jicho. Mbele ya jicho, konea iliyokuwa angavu kama maji hufunikwa na ukungu mweupe. Hiyo ndiyo hali inayoonekana kwa kila mtu, hata mpita njia.

Madhara ya nyuma ya jicho hayaonekani kwa mpita njia, na pengine ndiyo ya kutisha zaidi. Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma kabisa ya jicho, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ujumbe unaosafirishwa na mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Upofu wa mtoni huuchoma utando huo pamoja na tabaka la damu lililo chini yake, ukaacha mabaka na makovu. Wakati mwingine mshipa wenyewe wa fahamu hunyauka. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kuona jioni giza linapoingia. Kisha upeo wa macho yake husinyaa taratibu kutoka pembeni, hadi akawa kama anayeitazama dunia kupitia mwanzi. Huweza bado kuutambua uso wa mtu aliyesimama mbele yake, na papo hapo akajikwaa kwenye kigoda kilicho kando ya mguu wake. Mara nyingi hasikii maumivu, na macho yake kwa nje huonekana mazima. Jirani asiyejua humdhania mzembe au mlevi.

Hapa ndipo tofauti kati ya retina na sehemu nyingine za jicho inapokuwa kubwa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mgonjwa akaona tena. Konea iliyoharibika huweza, panapo wataalamu na vifaa, kubadilishwa. Retina iliyokufa haina kipuri. Tiba yoyote ya upofu wa mtoni, ya zamani au ya sasa, hulinda kile kilichobaki. Hairudishi kilichokwisha kupotea.

Mambo haya yalijulikana kipande kwa kipande, na katika nchi zilizo mbalimbali. Nchini Guatemala, daktari Rodolfo Robles alikuwa wa kwanza kuhusisha vinundu na ugonjwa wa macho, katika miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1926 Breadon Blacklock alionyesha nchini Sierra Leone kwamba ni nzi mweusi anayemsafirisha mnyoo. Katika miaka ya 1930 Mbelgiji Jean Hissette alieleza upofu alioukuta katika eneo la Sankuru huko Kongo, na kuna wakubwa wa tiba waliokataa kumwamini. Mwaka 1945 Harold Ridley, daktari wa macho aliyekuwa akihudumu jeshini Afrika Magharibi, alichapisha maelezo ya kina ya macho ya wagonjwa wa nchi ambayo sasa ni Ghana. Kovu la retina linalosababishwa na ugonjwa huu bado hubeba majina ya hao wawili, Hissette na Ridley. Huyu Ridley ndiye aliyekuja kupandikiza lenzi bandia katika jicho la binadamu mwaka 1949, upasuaji ambao sasa hufanyiwa mamilioni ya watu kila mwaka.

Garnham aliyajua hayo, na alijua pia kwamba kabati lake la dawa lilikuwa tupu. Suramini, dawa ya kale ya malale, ilikuja kutumika dhidi ya mnyoo mkubwa baada ya vita, lakini ilikuwa na sumu iliyoweza kuumiza figo. Dawa nyingine, iitwayo kwa kifupi DEC, ilipatikana mwaka 1947. Iliwaua minyoo wachanga kwa kasi mno, na kwa kuwa madhara hutokana na kufa kwao, mgonjwa aliweza kutoka hospitalini na macho mabaya kuliko aliyoingia nayo. Kuna magonjwa ambayo haraka ya kutibu ni hatari kama kutotibu, na hili lilikuwa mojawapo.

Ikabaki njia ya mtoni. Katika Nyanza, mwenezi wa ugonjwa alikuwa Simulium neavei, aina ya nzi apendaye vijito vya kasi vilivyofunikwa na miti. Hapendi jua wala uwanda. Kulikuwa na ishara ya kutia moyo kutoka Riana, upande huo huo wa kusini mwa Nyanza, ambako vichaka vya kando ya mto vilifyekwa na baadaye nzi huyo akatoweka. Lakini kufyeka kila ukingo wa mto wenye msitu ni kazi isiyokwisha, na miti ina faida zake.

Wakati huo huo ilikuja DDT. Nguvu yake dhidi ya wadudu iligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939, na vita vilipomalizika ilianza kupatikana kwa matumizi ya kiraia. Garnham na McMahon waliamua kuitia katika mito ya Kodera, kwa vipimo vidogo na kwa kurudia baada ya kila kipindi cha siku kadhaa, ili kila kizazi cha nzi kinachoanguliwa kikute sumu ikipita.

Ujasiri wa uamuzi huo hauonekani mpaka mtu ajue jambo moja. Mwaka 1946 hakuna mtaalamu aliyekuwa amewahi kuwaona viluwiluwi wa nzi huyo. Walikuwa wametafutwa juu ya mawe, kwenye majani yaliyozama na kwenye mizizi, mahali ambapo viluwiluwi wa jamaa zake wengi hukaa, bila mafanikio. Watafiti walijua tu kwamba nzi wa jamii hiyo huzaliana katika maji yaendayo kasi, kwa hiyo na huyu lazima awe humo, popote alipojificha. Wakamtilia sumu adui ambaye utoto wake ulikuwa fumbo.

Miezi michache baadaye nzi hakuonekana tena Kodera. Mwaka 1947 Garnham na McMahon waliitangaza habari hiyo katika jarida la utafiti wa wadudu.

Ni haki kusema hapa kwamba kazi ya namna hiyo haifanywi na wawili. Enzi hizo, njia ya kawaida ya kujua kama nzi wapo ilikuwa kuwaketisha watu kando ya mto, miguu wazi, wawakamate nzi waliokuja kuwauma. Walikuwa Waafrika, wengi vijana, na walitumia miili yao kama chambo mbele ya ugonjwa unaopofusha. Makala za kisayansi zina majina mawili au matatu juu; ya vijana hao hayamo. Vilevile, siku hizo madhara ya DDT kwa samaki, ndege na viumbe wengine hayakuwa yakijadiliwa sana, na mjadala mkubwa ulikuja baada ya kitabu cha Rachel Carson mwaka 1962. Mtafiti wa leo asingepewa ruhusa rahisi ya kuitia katika mto unaoelekea ziwani.

Fumbo la viluwiluwi liliteguliwa mwaka 1950, Garnham akiwa tayari ameondoka. McMahon, safari hii akiwa na mtaalamu wa samaki V. D. van Someren, aliwakuta wamejishikiza juu ya kaa wa mtoni. Nzi huyo hulelewa mgongoni mwa kaa anayetembea chini ya mawe, naye kaa humbeba popote aendapo. Ndiyo maana miaka yote ya kupekua mawe na majani ilikuwa bure. Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi: badala ya kuketisha watu waumwe, wapimaji waliweza kuwakamata kaa na kuwatazama. McMahon na wenzake walieneza kampeni katika maeneo mengine ya Nyanza, kusini na kaskazini, na mwaka 1958 waliandika taarifa ya kuangamizwa kwa Simulium neavei nchini Kenya.

Je, watu wa Kodera walipona? Jibu lina sehemu mbili, na ya kwanza ni chungu. Waliokuwa wamepofuka walibaki vipofu hadi mwisho wa maisha yao. Waliokuwa na minyoo mwilini waliendelea kuwa nayo, wengine wakiendelea kuwashwa, kwa kuwa hakuna nzi aliyehitajika tena ili mnyoo jike aendelee kuzaa ndani ya kinundu chake. Sehemu ya pili ilichukua muda kujitokeza. Uchunguzi uliofanywa miaka 9, 11 na 18 baada ya nzi kuondoshwa, na kuchapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1967, ulionyesha maambukizi yakififia hatua kwa hatua kadiri minyoo wakubwa walivyokufa kwa uzee, hadi kuzimika. Mtoto aliyezaliwa Kodera baada ya mwaka 1946 alikua bila kuumwa na nzi huyo, na retina zake hazikuonja ugonjwa huo. Takwimu hizo za Nyanza pia ziliusaidia ulimwengu kukadiria umri wa mnyoo mwenyewe, na kwa hiyo miaka ambayo kampeni lazima idumu. Programu kubwa ya Afrika Magharibi, iliyoanza mwaka 1974 kwa kunyunyizia mito dawa kutoka angani, ilifuata hesabu ya aina hiyo: kumzuia nzi kwa muda mrefu kuliko uhai wa mnyoo.

Garnham mwenyewe alirejea London mwaka 1947 kufundisha katika chuo cha tiba za nchi za joto. Alikwenda na jambo alilolipata Kenya. Katika ini la nyani wa huku alikuwa ameona hatua iliyofichika ya kimelea kilicho jamaa ya malaria. Kwa nusu karne wanasayansi walikuwa wamejiuliza kimelea cha malaria hukaa wapi katika siku zile kati ya kuumwa na mbu na kuanza kwa homa, kwa kuwa katika damu hakionekani. Mwaka 1948 Garnham na Henry Shortt walionyesha kwamba hujificha katika ini, kwanza kwa nyani, kisha mwaka huo huo kwa binadamu aliyejitolea. Sifa za kimataifa zilifuata: uprofesa mwaka 1952, uanachama wa Royal Society mwaka 1964, na mwaka 1966 kitabu chake kikubwa cha vimelea vya malaria, chenye zaidi ya kurasa 1,000.

Hata malaria hiyo ina alama yake katika retina, ingawa ilieleweka vizuri baada ya siku za Garnham. Watafiti waliofanya kazi Malawi kuanzia miaka ya 1990 walionyesha kwamba mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria ya ubongo huwa na mabadiliko maalumu nyuma ya jicho: mabaka meupe, mishipa ya damu iliyobadilika rangi na matone ya damu. Daktari anayelimulika jicho la mtoto huyo anaweza kutofautisha malaria ya ubongo na ugonjwa mwingine unaofanana nayo. Tofauti na upofu wa mtoni, watoto wengi wanaopona hawapotezi uwezo wao wa kuona.

Garnham aliishi hadi kuiona dawa aliyoikosa Kodera. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kwamba ingetoa ivermektini bila malipo kwa nchi zenye upofu wa mtoni. Dawa hiyo humezwa mara moja au mbili kwa mwaka, huwapunguza minyoo wachanga kwa upole kuliko DEC, na huzuia macho yasiharibike zaidi. Haimuui mnyoo mkubwa, kwa hiyo lazima itumiwe kwa miaka mingi. Satoshi Ōmura na William Campbell walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015 kwa kazi iliyoileta. Januari 2025 Niger ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imekomesha maambukizi ya ugonjwa huu, takriban miaka 80 baada ya Kodera.

Profesa Garnham alifariki dunia tarehe 25 Desemba 1994, akiwa na umri wa miaka 93. Mkusanyiko wake wa vioo vya hadubini vyenye vimelea vya malaria ya binadamu, nyani, ndege na mijusi umehifadhiwa London. Huko Nyanza kaa wangali katika vijito vyenye kivuli, lakini wapimaji waliowachunguza baada ya kampeni waliwakuta hawana mzigo mgongoni.